Mechi Kumi na Tisa za Besi ya Pili

Lavonne Ruegsegger alikuwa na pua ambayo watu wa kiwandani waliiogopa kuliko barua ya kuachishwa kazi. Ilikuwa ikijikunja yenyewe, upande wa kushoto kwanza, halafu mdomo wa juu unaifuata, na mtengeneza jibini aliyesimama mbele yake na kofia mkononi alijua kwamba kazi yake ya miezi minane imekwenda na maji. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mkaguzi wa jibini katika mji mdogo wa kusini mwa Wisconsin. Alikuwa akilichoma kila gurudumu la jibini, donge kubwa la duara, kwa kijibomba cha chuma kilichopasuliwa kwa urefu, anatoa kipande chembamba kama kidole, anakinusa, anakivunja, anakitafuna kidogo, kisha anakitema ndooni na kuandika daraja. Mtu anayeonja jibini arobaini kabla ya chakula cha mchana hawezi kubaki na matumaini makubwa juu ya dunia.

Mwezi Machi wa mwaka 1997 jibini lilikuwa nusu tu ya kero zake. Nusu ya pili ilikuwa imetandazwa juu ya meza ya jikoni: karatasi yenye majina ishirini na mawili ya wachezaji wa besiboli, wote watu wa besi ya pili, walinzi wa kituo cha pili kati ya vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka. Kumi na saba alikuwa ameshawapiga mstari.

Ligi yao ilikuwa ya watu wanane, na waliiita ligi ya mezani kwa sababu hakuna kati yao aliyekimbia hata hatua moja. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Machi, walikaa kwenye meza moja na kugawana wachezaji wa kweli, mmoja mmoja, kwa zamu. Kuanzia Aprili hadi Septemba, kila walichokifanya wanaume wale uwanjani, mpira uliopigwa ukatoka nje ya uwanja au besi iliyoibwa, mkimbiaji akichomoka kwenda kituo cha mbele mpira haujapigwa, kilihesabiwa kwa jina la aliyewachagua. Lavonne alikuwa mmoja wa wanne walioianzisha ligi hiyo mwaka 1984, kwenye chumba cha kupumzikia cha kiwanda. Yeye ndiye aliyependekeza sheria ya kiti, tena kwa sauti ya juu, siku alipokuwa anaongoza: anayemaliza wa nane misimu miwili mfululizo anaondoka, na kiti chake anapewa mwingine.

Msimu wa 1996 Lavonne alimaliza wa nane. Mtu wake wa besi ya pili alivunjika kifundo cha mkono wiki ya tatu ya Aprili, akiteleza kwenye ngazi za hoteli, na badala yake akaletwa mzee mmoja aliyekuwa akipiga mpira kama mtu anayefukuza nzi.

Mumewe, Merle, alikuwa amehamia Arizona miaka tisa iliyopita kwa ajili ya hewa kavu, na hewa kavu hiyo ilikuwa na jina la mwanamke. Watoto hawakuwa nao. Tangu hapo majira ya joto ya Lavonne yalikuwa redio, daftari la mechi, na simu za watu saba waliokuwa wakimpigia kumtukania wachezaji wake. Ukiondoa ligi, simu ile ingelia mara mbili kwa mwezi, na mara zote mbili angekuwa dada yake akimweleza habari za magoti. Alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa amekaa na karatasi ile kwa wiki tatu.

Na aliichukia. Hakuna mtoto, aliona yeye, anayeota kuwa mtu wa besi ya pili. Mkono ukiwa na nguvu, kocha anakupeleka upande wa besi ya tatu. Ukiwa na mabega ya kupiga mipira ya mbali, unakwenda besi ya kwanza. Besi ya pili ndiko wanakorundikwa waliobaki, kama vipande vinavyokatwa kwenye kingo za jibini vikayeyushwa pamoja na kuuzwa kwa watu wasiojali wanachokula.

Alikuwa na maoni juu ya kila mmoja, na aliyaandika pembeni kwa penseli. Rogelio Batín: miguu mizuri, macho mabovu, anapiga kila kinachopita hewani, hata ndege. Lonnie Prewitt: miaka thelathini na sita, goti limefungwa bendeji, anatembea kama anabeba maji. Kijana mmoja wa Seattle alikuwa akisifiwa na magazeti yote, lakini Lavonne alimsikia redioni akihojiwa, akajitaja kwa jina lake mara nne ndani ya dakika moja, akapigwa mstari papo hapo.

Aliyemchukiza kuliko wote alikuwa Todd Mapes wa Kansas City. Takwimu zake hazikuwa mbaya. Aliiba besi thelathini kwa mwaka, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Lavonne alikuwa amemwona kwa macho yake, uwanjani Milwaukee. Mapes aliupiga mpira, akasimama kuutazama kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe ukutani, akatupa gongo lake la kupigia pembeni kwa madaha, na mpira ukashuka taratibu mikononi mwa mdakaji wa timu nyingine. Kisha akarudi kwenye benchi akitafuna mbegu za alizeti na kuyatema maganda juu ya viatu vya mwenzake. Pembeni mwa jina lake Lavonne aliandika: *Hapana. Hata bure.*

Ijumaa ya wiki ile alikutana na Duane Kittleson kwenye foleni ya samaki wa kukaanga. Duane alikuwa fundi wa matrekta, mwenye tumbo kubwa na sauti iliyozoea kushindana na injini.

"Vipi, mkia!" alimwita kutoka mbali, foleni nzima ikageuka. "Umeshapata mtu wa besi ya pili, au unangoja ateleze kwanza?"

"Nenda huko, Duane. Hutajua."

"Kirby anakusalimia." Kirby alikuwa mkwe wa Duane, kijana wa benki, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya waliongoja kiti. "Kanunua kompyuta. Anasema inamchagulia wachezaji yenyewe."

"Basi ije kompyuta ikae. Itakuwa na adabu kuliko nyie."

"Anauliza kama kiti chako kina mto."

Lavonne alimtazama kwa pua ile. Duane alicheka mpaka akakohoa. Lakini alipofika nyumbani hakula samaki wake. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya madaftari.

Kulikuwa na jina moja ambalo halikuwamo kwenye karatasi. Eusebio Ledezma alikuwa mtu wa besi ya tatu wa Milwaukee, aliyepiga mipira ishirini na tisa nje ya uwanja mwaka uliopita. Katikati ya msimu mwenzake aliumia, na kocha akawa anamhamishia besi ya pili. Sheria ya ligi ilisema hivi: ili mtu ahesabiwe wa besi ya pili, awe amecheza hapo angalau mechi ishirini msimu uliopita. Jarida walilolitumia wote lilisema Ledezma alicheza kumi na tisa. Kwa hiyo hakuna aliyemfikiria.

Lavonne hakuyaamini majarida. Yaliandikwa na watu waliokaa New York wakila vitu vilivyofungwa kwenye plastiki. Yeye alisikiliza kila mechi ya Milwaukee, akaandika kila mpira kwa wino, ukurasa kwa ukurasa. Alihesabu. Ishirini. Akamwaga kahawa iliyopoa, akapika nyingine, akahesabu tena kwa kuweka punje ya mahindi juu ya meza kwa kila mechi. Punje ishirini.

"Wapumbavu wa majarida," alisema peke yake, karibu kwa furaha.

Siku ya kuchagua walikutana saa nne asubuhi kwenye chumba cha nyuma cha baa, kama kila mwaka. Mezani kulikuwa na mkate mweusi, haradali, vitunguu vibichi vilivyokatwa vinene, na jibini la Limburger, lile ambalo mgeni hudhani kuna mtu kavua viatu. Katikati ilikaa kengele ya ng'ombe. Aliyefikiwa na zamu alisimama, akataja mchezaji na nafasi yake, akaitikisa kengele. Ikishalia, neno halirudi. Msimamizi alikuwa Arlo Voegeli, mzee aliyeendesha lori la maziwa miaka thelathini na tano, mwenye miwani miwili: mmoja wa kusomea na mmoja wa kutafutia ule wa kwanza.

Mzunguko wa kwanza Lavonne alimchukua mtu wa besi ya tatu, mzuri, anayejulikana. Wa pili akachukua mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira. Duane akamchukua Todd Mapes kuwa wa besi ya pili, na Lavonne akasema, "Nawa mikono kabla hujagusa mkate." Wakacheka.

Mzunguko wa tatu alisimama.

"Eusebio Ledezma," alisema. "Besi ya pili." Akaitikisa kengele kwa nguvu mpaka haradali ikaanguka.

Wote wakasema kwa pamoja.

"Wa tatu yule!"

"Kumi na tisa, mama! Kumi na tisa!"

"Lavonne, umelewa saa nne?" aliuliza Orville, kinyozi, ambaye hakuwahi kupandisha sauti tangu 1984.

"Ishirini," alisema Lavonne. Akatoa daftari mkobani na kuliweka mbele ya Arlo, limewekwa alama za karatasi nyekundu ishirini. "Jarida limekosea. Hesabu mwenyewe."

Arlo akavaa miwani. Alikuwa na kitabu kinene cha matokeo ya msimu mzima, akaanza kulinganisha tarehe kwa tarehe, akipitisha kidole taratibu. Moja. Mbili. Duane alijikatia kitunguu. Walipofika kumi na mbili, Lavonne aliona kidole cha Arlo kimesimama.

"Tarehe kumi na saba Juni," Arlo alisema. "Hapa sina mechi."

"Ipo. Nimeiandika. Ledezma alikuwa besi ya pili tangu mwanzo, akadaka mpira mkali kipindi cha pili. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Nakuona umeandika. Kipindi cha tatu... cha nne..." Arlo akafungua ukurasa wa pili. Ulikuwa mweupe. "Halafu?"

Lavonne alitazama ule weupe. Pembeni chini, kwa mwandiko wake mwenyewe uliopangika vizuri, kulikuwa na neno moja: *mvua*.

Hakuna aliyehitaji kumweleza. Mechi ikikatizwa na mvua kabla ya vipindi vitano kukamilika, inafutwa. Wanaianza upya siku nyingine kana kwamba haikuwapo: hakuna aliyepiga, hakuna aliyedaka, hakuna aliyesimama besi ya pili. Mechi ile ilirudiwa Agosti, na Agosti Ledezma alikuwa amesharudi besi ya tatu. Kila mtu mezani pale aliijua sheria hiyo kama anavyojua njia ya kwenda chooni kwake. Lavonne aliijua kuliko wote. Lakini alikaa jikoni saa nzima jioni ile ya Juni akingoja mvua ikatike, akiwa na kalamu mkononi, na kwa mtu aliyengoja saa nzima mechi ilikuwapo.

"Kumi na tisa," alisema Arlo kwa upole. Upole wake ulikuwa mbaya.

Kengele ilikuwa imeshalia. Ledezma alikuwa wake, lakini wa besi ya tatu, na besi ya tatu alikuwa tayari na mtu. Ni kama mtu aliyenunua jiko la pili akiwa hana kitanda. Chaguo la tatu limepotea, na watu wa besi ya pili waliobaki ni wale aliowapiga mstari.

Orville akakohoa. "Jamani, ni mechi moja. Tena aliisikia kweli. Tumhesabie ishirini, yaishe."

"Naunga mkono," alisema mwingine. "Mwanamke mwenyewe mwaka jana alikuwa na mikosi."

Mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja baada ya mwingine, kwa nyuso zile laini za watu walio msibani. Mikono mitano. Arlo naye akaunyanyua wake, miwani ikiwa imemshuka puani. Sita. Lavonne aliitazama na pua ikajikunja kuliko ilivyowahi kukunjwa na jibini lolote. Aliwahi kuonja donge lililooza katikati huku ganda linang'aa, akaliandika daraja la chini mbele ya mtengenezaji aliyekuwa akilia, na mtengenezaji huyo alikuwa binamu yake. Leo watu walewale waliomsifu kwa hilo walikuwa wakimpitisha yeye, na uozo wake, kwa sababu wanamhurumia.

Mkono mmoja tu haukunyanyuka. Duane alikuwa anatafuna.

"Duane?" aliuliza Arlo.

"Kumi na tisa ni kumi na tisa," alisema Duane, mdomo umejaa. "Mvua ni mvua. Mkitaka kutoa zawadi, ngojeni Krismasi."

"We Duane, huna hata haya?"

"Anayo," alisema Lavonne. "Nyie ndio hamna. Shusheni mikono. Shusheni, mnaninukia vibaya kuliko hiyo Limburger." Alirudisha daftari mkobani. "Mwandike besi ya tatu, Arlo. Endeleeni."

Wakaendelea. Zamu yake ya nne ilipofika, Batín alikuwa ameshachukuliwa, na hata kijana wa Seattle hakuwapo. Alisimama, akataja Lonnie Prewitt mwenye goti la bendeji, akaigusa kengele kwa kidole kimoja. Hakuna aliyecheka, na hilo nalo lilimchukiza.

Saa saba, wengine walipotoka kunyoosha miguu, Duane alivuta kiti na kukaa mbele yake. Alinuka kitunguu na dizeli.

"Usidhani nimekuja kukubembeleza."

"Ungekuja kunibembeleza ningekupiga na kengele."

"Mtu wangu wa besi ya tatu ni gogo. Nataka Ledezma."

"Unatoa nini?"

"Mapes."

Pua ya Lavonne ilianza kujikunja, upande wa kushoto.

"Yule mchafu," alisema. "Yule anayejitazama. Anatemea watu viatuni, Duane. Nipe mrushaji, nibaki na Prewitt."

"Prewitt hamalizi Mei, unajua. Mapes besi thelathini, kila mwaka, kama saa. Simpendi na mimi. Lakini mimi sikupi kitu cha bure, na wewe hunipi. Ledezma kwa Mapes. Ukikataa, mwezi wa kumi namletea Kirby mto."

Ilikuwa biashara ya haki. Aliipima kama alivyopima kila kitu, akaizungusha, akaitafuta kasoro, hakuiona. Kasoro pekee ilikuwa Mapes mwenyewe. Lavonne akanyoosha mkono, na Duane akaushika kwa mkono wake wa haradali.

Ule ulikuwa msimu mbaya kuliko yote aliyowahi kuishi. Prewitt aliacha mpira Mei. Warushaji wake walipigwa kama magodoro. Ledezma, kwa Duane, alipiga mipira thelathini na minne nje ya uwanja, na Duane alimpigia simu kwa kila mmoja. Kila asubuhi Lavonne alifungua gazeti na kumtafuta Todd Mapes kwa kidole, kama mtu anayetafuta nywele kwenye supu, na kila mara alimkuta: mpira mmoja, besi moja, mpira mmoja, besi moja. Hakuwahi kumpa sababu ya kumtupa. Kiwandani alimtaja kwa jina la "yule kiumbe".

Jumamosi ya mwisho wa Septemba Arlo alimpigia. "Uko nusu alama nyuma ya Orville," alisema. "Besi za kuiba mmelingana, mnagawana alama. Ukipata moja zaidi kesho na yeye asipate, unampita. La sivyo, wa nane."

"Kesho Kansas City wanacheza na nani?"

"Na sisi. Milwaukee."

Jumapili mchana alikaa jikoni na redio, bila daftari. Tangu utotoni, tangu zizi la baba yake lenye redio iliyofungwa kwa waya juu ya ng'ombe, hakuwahi kuitakia mabaya timu ya Milwaukee. Mapes alitoka mara mbili bila kitu, na mtangazaji akasema amesimama kuutazama mpira uliodakwa. Mara ya tatu, kipindi cha nane, alipewa besi ya kwanza bure, kwa mipira minne iliyorushwa vibaya.

"Nenda," alisema Lavonne.

Mrushaji wa Milwaukee alimgeukia mara moja. Mara mbili. Mtangazaji alisema Mapes anajikung'uta suruali.

"Acha suruali, mdudu wewe!" Lavonne alikuwa amesimama, viganja vyake vimeshika ukingo wa meza. "Kimbia! Kimbia, takataka, unangoja upigwe picha?"

Mapes alikimbia. Akafika besi ya pili amesimama wima, bila hata kuteleza, na mtangazaji, mtu wa Milwaukee mwenye uchungu, akasema ameonekana akiupungia mkono umma uliokuwa unamzomea. Lavonne alipiga kelele peke yake jikoni, kisha akakaa, akajisikia kama aliyekutwa kwenye nyumba isiyo yake.

Jumatatu, kabla ya saa sita, simu ya chumba cha ukaguzi ililia. Kulikuwa na magurudumu sita ya jibini mbele yake na mtengenezaji mmoja anayetoka jasho.

"Wa saba," alisema Arlo. "Orville hakupata kitu. Kakupa pongezi, kasema hatakunyoa ukienda."

"Na Duane?"

"Yuko hapa karibu yangu. Anasema unatakiwa umshukuru yeye na Mapes, wote wawili, kwa jina."

Lavonne aliona pua inaanza, akaiacha.

"Mwambie Duane," alisema, "Mapes ni mchafu, na alikuwa mchafu jana, na Machi nikikuta kuna mtu kamchagua tena mbele yangu nitamtoa macho. Huyo ni wangu."

Akakata simu, akachukua kijibomba, na kulichoma gurudumu la kwanza.